Usiku tisa Vientiane: namna ya kukaa peke yako katika mji usio na kelele

Kila msafiri niliyeongea naye kabla ya kufika Vientiane aliniambia neno lilelile: siku moja inatosha. Piga picha tao la Patuxai, zunguka stupa ya dhahabu, mnara wa ibada wa Kibuddha, kesho yake panda treni uende zako Luang Prabang, mji wa kaskazini. Mimi nilikaa usiku tisa, mwezi wa Januari, mwanamke peke yangu na shanta moja mgongoni, na siku ya kuondoka bado nilikuwa na vichochoro ambavyo sijavimaliza. Ninamwandikia mtu anayetaka kwenda peke yake katika mji wa namna ile na kukaa, si kupita tu.

Vientiane ni mji mkuu wa Laos, umelala kwenye kona ya mto Mekong, na ukisimama ukingoni unaiona Thailand ng'ambo. Una balozi na wizara kama mji mkuu wowote, lakini honi husikii. Magari yanasubiriana. Ikifika saa nne usiku mitaa mingi imeshafunga milango, na baa zenyewe hufunga kama saa tano na nusu.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni hili. Katika mji wenye vurugu, mtu aliye peke yake anabebwa na vurugu yenyewe. Kila ukigeuka kuna jambo. Katika mji mtulivu hubebwi na kitu. Siku ya kwanza unafurahi, ya pili unamaliza vivutio, ya tatu unaamka hujui uende wapi, na tangu juzi hakuna mtu aliyekuita. Hapo ndipo wengi hufunga mizigo na kusema mji umepooza. Dawa yake ni kuchagua sehemu tatu na kurudi palepale, saa ileile, kila siku: pa asubuhi, pa mchana na pa jioni. Siku ya nne watu wanaanza kukutazama kama mtu wao. Nitaeleza nilivyofanya, lakini kwanza maandalizi.

Kabla ya kuondoka

Anza na viza, kabla hujanunua tiketi. Laos inatoa viza ya mtandaoni ya siku 30, lakini si kila mpaka unaipokea. Uwanja wa ndege wa Wattay na Daraja la Kwanza la Urafiki linalounganisha nchi hiyo na Thailand ni miongoni mwa milango inayoipokea. Si kila pasipoti inapewa viza mpakani, kwa hiyo tazama orodha ya nchi yako kwenye tovuti ya serikali yao, na pasipoti iwe na miezi sita au zaidi mbele. Chapisha barua ya viza kwenye karatasi. Simu yaweza kuzima ukiwa kwenye foleni.

Chanjo nitaieleza kwa urefu kidogo kwa sababu watu huipuuza. Hatari iliyonitisha zaidi kule ni mbwa, na wala si wezi. Mbwa wapo wengi vichochoroni, na kichaa cha mbwa kipo. Ongea na daktari wako kuhusu chanjo ya kujikinga kabla ya safari. Beba pia cheti cha homa ya manjano. Ni kikaratasi kidogo tu. Na unapokata bima, uliza swali moja kwa maneno haya: je, inanilipia kuvushwa mpaka kwenda kutibiwa Thailand? Wakazi wa Vientiane wenye uwezo huvuka mto wanapougua sana, kwenda Nong Khai au Udon Thani, na bima isiyovuka mto itakuacha ukingoni.

Majira: Novemba hadi Februari ni kukavu na hakuna joto kali. Machi na Aprili wakulima wanachoma mashamba, anga linajaa moshi. Katikati ya Aprili ni Pi Mai, mwaka mpya wao, watu wanamwagiana maji siku tatu, na huo si wakati wa kutafuta utulivu. Mvua huanza kama Mei hadi Oktoba.

Shanta langu lilikuwa la lita 35, na nilikuwa nalibeba mwenyewe bila kuomba msaada wa mtu. Hicho ndicho kipimo changu: kama huwezi kulivaa, kuvuka barabara nalo na kupanda ngazi ghorofa tatu, punguza. Nguo za siku nne zinatosha kwa sababu madobi wapo kila mtaa na wanapima kwa kilo. Vitu vilivyofanya kazi kuliko uzito wake ni kanga mbili, tochi, ndala na mkasi mdogo. Kanga ilikuwa shuka usiku, pazia kitandani bwenini, mtandio wa kuswalia, na nguo ya kufunika mabega na magoti mlangoni mwa hekalu. Tochi ni kwa ajili ya kando ya barabara, kwani njia ya miguu imejengwa kwa mabamba ya zege juu ya mitaro, na mabamba mengine yamevunjika. Ndala ni za kuvuliwa mara ishirini kwa siku, maana viatu huachwa nje ya hekalu, nje ya nyumba, na mara nyingi nje ya gesti yenyewe. Mkasi nitaurudia. Na koti jepesi usiliache: asubuhi za Januari nilitetemeka.

Kufika

Panga ufike mchana. Uwanja wa ndege uko karibu sana na mji, kama kilomita nne, kwa hiyo hakuna sababu ya kulipa nauli ya ajabu. Teksi zina kaunta ya bei maalumu, na ukiwa na programu ya Loca kwenye simu unaita gari kwa bei unayoiona kabla ya kupanda. Nunua laini ya simu palepale kwa pasipoti, weka bando, kisha utoke.

Pesa yao ni kip, na ina sifuri nyingi. Mwaka 2024 dola moja ilikuwa zaidi ya kip 20,000, kwa hiyo mfukoni unabeba malaki. Noti nyingi zina sura ya mtu mmoja, Kaysone Phomvihane, kiongozi wao wa zamani, na gizani zinafanana. Mimi nilizigawa: ndogo mfuko wa kulia, za 50,000 na 100,000 kwenye mkoba wa ndani. Usibadilishe nyingi kwa mpigo, kwa sababu nje ya Laos kip hazina mnunuzi.

Kuwa makini na mashine za pesa. Niliyotumia siku ya kwanza ilitoa pesa kwanza, kadi ikabaki ndani. Mimi nilizoea kadi kutoka kwanza, nikachukua noti nikageuka. Mama aliyekuwa akiuza machungwa pembeni ndiye aliyeniita kwa sauti, akaonyesha mashine kwa kidole. Kadi ilikuwa imening'inia. Tangu siku hiyo nahesabu pesa nikiwa bado nimesimama mbele ya mashine, na sisogei mpaka kadi iwe mkononi. Ukiwa peke yako huna mwenzako wa kukukopesha wiki nzima.

Na barabarani tazama kushoto kwanza. Laos wanaendesha upande wa kulia, na mimi niliyekulia upande wa pili nilichukua siku tatu kabla shingo haijazoea.

Pa kulala

Lipia usiku mbili tu kabla ya kufika, halafu uchague ukiwa pale. Tafuta gesti kati ya chemchemi ya Nam Phou na mto, au vichochoro vilivyo karibu na hekalu la Wat Inpeng. Hapo unafika kila mahali kwa miguu. Ukienda kuangalia chumba, fungua bomba la maji ya moto, kaa kitandani, na uulize geti linafungwa saa ngapi. Swali hilo sikuliuliza usiku wa pili. Nilikuwa nimekaa mtoni, nikarudi saa sita kasoro robo, geti limefungwa, mtaa mzima kimya, na mbwa watatu wanaanza kunyanyuka. Nilibisha kwa sarafu ya kwetu kwenye chuma mpaka mzee aliyelala mkekani nyuma ya mlango akaamka. Hakunifokea. Alisema "bo pen nyang", yaani si kitu, maneno utakayoyasikia kila siku ukiwa Laos, akarudi kulala. Lakini dakika zile kumi sitaki mtu mwingine azipitie. Uliza, na uombe namba ya simu ya mwenye zamu.

Pasipoti usiiache rehani popote, hata kwa baiskeli ya kukodi. Acha fedha taslimu au nakala. Anayeng'ang'ania pasipoti halisi, mwache, nenda duka la pili.

Pa asubuhi: kahawa

Mahali pangu pa asubuhi palikuwa meza nne za bati chini ya mwavuli, kwenye kona ya kichochoro. Mwenye kijiwe alikuwa mwanamke wa makamo. Anaanza kabla jua halijatoka: maji yanachemka kwenye sufuria ndefu, kahawa ipo ndani ya mfuko wa kitambaa mrefu kama soksi, rangi yake imeshakuwa nyeusi kwa miaka ya kazi. Anamimina maji, anainua mfuko, anamimina tena kilichochujika, mara tatu, mpaka kahawa inakuwa nzito kama dawa. Chini ya glasi ameshaweka maziwa mazito ya kopo, kidole kimoja na nusu. Kahawa inakaa juu, nyeusi, maziwa chini, meupe, na ni juu yako kukoroga. Pembeni anakuwekea glasi ya chai nyepesi ambayo hukuiagiza. Hiyo ni ya kusuuzia kinywa, na hailipiwi. Wafaransa ndio walioleta kilimo cha kahawa Laos, na sasa inatoka uwanda wa Bolaven kusini. Ya kutafuna ni khao nom khu, unga uliokaangwa ukawa kama andazi refu, mawili yameshikana. "Khu" maana yake jozi.

Siku ya kwanza nilionyesha kwa kidole. Siku ya pili nilikuja saa ileile, saa kumi na mbili na nusu, nikakaa meza ileile. Siku ya tatu aliponiona naegesha baiskeli alishainua mfuko wa kahawa. Siku ya nne alinisogezea kigoda upande wa ndani, karibu na jiko, kwa sababu aliona natetemeka, na hapo ndipo wateja wengine walipoanza kuniuliza maswali: natoka wapi, nina watoto wangapi, mume yuko wapi. Maswali haya yanaweza kukukera ukiwa mwanamke unayesafiri peke yako. Kule hayana ubaya. Wanataka kujua wakuite nani.

Kwa sababu Walao, kama sisi, hawamwiti mtu mzima jina tupu. Mwanamke anayekuzidi kidogo ni "euay", dada mkubwa. Mwanamume wa rika hilo ni "ai". Unayemzidi ni "nong". Nilipomwita mama wa kahawa euay, alicheka akanipiga begani, na kuanzia hapo mimi nikawa nong. Jifunze maneno haya kabla ya hata kujifunza kuhesabu. Mengine ni sabaidee kwa salamu, huku umekunja viganja kifuani na kuinamisha kichwa kidogo, khop chai kwa asante, na tao dai kwa bei gani.

Ukiamka mapema hivyo utawapita watawa wanaopokea sadaka ya chakula, mstari mmoja, pekupeku, mavazi ya rangi ya machungwa. Simama kando, uwe kimya, simu ibaki mfukoni au upige kutoka mbali bila mwanga. Hiyo ni ibada ya watu.

Pa mchana: kivuli cha hekalu

Karibu na mto kuna mahekalu manne yanayotazamana njia panda moja: Wat Ong Teu, Wat Inpeng, Wat Mixay na Wat Haisok. Mchana nilikuwa nakaa uwanjani Wat Ong Teu, chini ya mti, na daftari. Mimi ni Mwislamu, nilikaa kama mgeni aliyeheshimu nyumba ya mwenzake, na hakuna aliyeniuliza kwa nini. Kuna shule ya watawa, na vijana wa mafunzo hutoka kujizoeza Kiingereza na wageni. Mwanamke usimguse mtawa wala vazi lake, usimpe kitu mkono kwa mkono; kiweke chini au mezani akichukue. Usinyooshee miguu sanamu wala mtu. Kichwa cha mtu, hata mtoto, usikishike.

Siku ya tano kijana mmoja, miaka kama kumi na tano, aliniuliza tunahesabuje kwetu. Nikamtamkia. Akaandika daftarini mwake kwa herufi za Kilao, za mviringo kama ushanga: moja, mbili, tatu, mpaka kumi. "Nne" ilimsumbua. Kesho yake alinisubiri mlangoni akazisema zote kumi bila kusoma.

Hekalu la kulipia kiingilio usilokosa ni Wat Si Saket. Lilijengwa mwaka 1818, enzi za mfalme Anouvong. Alipoasi dhidi ya Siam, jina la zamani la Thailand, akashindwa, mji wote ulichomwa na kuvunjwa mwaka 1828, watu wakahamishwa, na hekalu hili likabaki limesimama. Kuta za baraza zake zina vijishubaka maelfu, na kila kijishubaka kina sanamu ndogo za Buddha. Nenda baada ya saa nane, makundi yanapokuwa yamekwenda kula, utembee baraza yote pole pole mkono ukiwa nyuma. Baada ya hapo utaelewa kwa nini majengo mengi ya kale mjini yamejengwa upya. Ng'ambo ya barabara ipo Haw Phra Kaew, iliyojengwa kwa ajili ya Buddha wa Zumaridi. Sanamu yenyewe ilichukuliwa na jeshi la Siam mwaka 1779 na mpaka leo iko Bangkok.

Pa jioni: mto

Januari jua linazama karibu saa kumi na mbili, na mji wote unateremka mtoni. Wakati wa kiangazi maji hurudi mbali sana, unaona mchanga mpana, halafu ndio mto. Sanamu ya Anouvong imesimama bustanini, mkono umenyooshwa kuelekea Thailand. Soko la usiku linafungua vibanda vyake vya mapaa mekundu. Na kuna spika kubwa, mwalimu juu ya jukwaa, na wanawake kwa safu wanaofanya mazoezi ya viungo kwa muziki.

Kwa mtu aliye peke yake, hii ndiyo zawadi ya mji. Ingia safu ya tatu kutoka nyuma. Hakuna anayekuuliza, unalipa kiasi kidogo kwa mwalimu, na kwa dakika arobaini unafanya jambo moja na watu hamsini bila kuhitaji lugha. Niliingia jioni ya tatu, ambayo ndiyo ilikuwa mbaya kwangu. Nilikuwa nimeshafungua simu kutafuta tiketi ya kuondoka. Nilirudi jioni zote zilizobaki.

Chakula

Nitakuwa mfupi kwa wasiokuwa na masharti: kuleni palipo na watu. Kwa Waislamu, nyama ya nguruwe iko kila mahali, hata ndani ya mchuzi wa mboga. Jifunze "bo sai mu", usiweke nguruwe. Msikiti wa Jamia uko kichochoroni nyuma ya chemchemi ya Nam Phou, umeanzishwa na watu wenye asili ya Uhindi kusini, na migahawa ya Kihindi yenye chakula halali iko umbali wa kutembea. Upo pia msikiti wa Azahar wa Wacham waliotoka Kambodia. Nilipoingia Jamia Ijumaa, ilitosha kusema salaam aleikum, na baada ya swala nikaonyeshwa pa kula.

Chakula chao kikuu ni wali wa kunata, khao niao, unaoletwa kwenye kikapu cha mianzi chenye mfuniko. Unamega kwa mkono wa kulia, unafinyanga tonge, unachovya. Hapo mikono yako itajua la kufanya kabla hujafundishwa. Ukimaliza, funika kikapu.

Maji ya bomba usinywe. Pombe sinywi, ila ninalazimika kusema: Novemba 2024 watalii sita walikufa baada ya kunywa pombe yenye methanoli huko Vang Vieng, mji wa watalii ulio kaskazini. Anayekunywa asipokee kinywaji cha bure wala cha kumiminwa. Chupa iliyofungwa, ifunguliwe mbele yake.

Usiku na mbwa

Sikuwahi kuhisi mtu ananifuata. Tahadhari niliyochukua ni ile ya popote: mkoba upande wa mbali na barabara, kwa sababu wapo wanaopora kwa pikipiki, na simu sikuitembeza mkononi.

Kwa mbwa, pita barabara kubwa hata kama kichochoro ni kifupi. Wakinyanyuka, usikimbie. Simama, usiwakodolee macho, rudi pole pole. Kuinama kama unayeokota jiwe huwatosha wengi. Ukiumwa, hata mkwaruzo, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili ukitazama saa, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo, hata kama ulichanjwa nyumbani. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza hakuna tiba. Gari la wagonjwa linaitwa kwa namba 1623: ni Vientiane Rescue, watu wanaojitolea bila malipo, waliopewa tuzo ya Ramon Magsaysay mwaka 2016. Iandike namba hiyo kwenye karatasi, pamoja na jina la gesti yako kwa Kilao.

Siku mbili za kutoka kwenye ratiba

Moja ni Bustani ya Buddha, Xieng Khuan, kilomita kama 25 kutoka mjini. Unapanda basi namba 14 karibu na soko la Talat Sao, linapita penye Daraja la Urafiki. Ni uwanja uliojaa sanamu za zege, kubwa mno, kazi iliyoanza mwaka 1958 chini ya Bunleua Sulilat, ambaye baada ya 1975 alivuka mto akajenga nyingine upande wa Thailand. Lipo boga la zege la ghorofa tatu, unaingia kwa mdomo wa jitu na kupanda kutoka jehanamu hadi mbinguni. Ngazi ni nyembamba, shanta liache gesti. Muulize dereva basi la mwisho la kurudi kabla hujashuka.

Nyingine ni kituo cha COPE, mjini, kinachotengeneza miguu na mikono ya bandia. Kati ya 1964 na 1973 Marekani ilidondosha Laos zaidi ya tani milioni mbili za mabomu, na mengi ya vishada, yale yanayofunguka angani na kumwaga vibomu vidogo, hayakulipuka. Wanakijiji bado wanayapata mashambani. Kuna miguu ya bandia ya zamani imening'inizwa, mingine watu walijitengenezea kwa mbao na chuma cha mabomu yenyewe. Nenda asubuhi, usiende jioni, na usiende siku yako ya upweke. Mimi nilitoka pale nikapanda baiskeli moja kwa moja hadi Wat Ong Teu, nikakaa chini ya mti wangu bila kuandika kitu, na nilishukuru kuwa na pa kwenda.

Kuondoka

Aga siku moja kabla. Ukiaga asubuhi ya safari watu hawana nafasi ya kukujibu.

Treni ya kwenda Luang Prabang ni ya reli iliyofunguliwa Desemba 2021, inayofika hadi China. Safari ni kama saa mbili, lakini stesheni iko mbali na mji, kwa hiyo ondoka mapema, pasipoti na tiketi mkononi. Mizigo inapitishwa kwenye mashine kama uwanja wa ndege, na visu, mikasi na makopo ya kupulizia huchukuliwa. Kip zilizobaki zimalizie kabla ya kuvuka mpaka.

Mkasi wangu mdogo ulikuwa wa chuma kizuri, nami sikutaka uishie kwenye pipa la stesheni. Asubuhi ya kumi nilimpa euay. Aliugeuzageuza, akaufungua na kuufunga mara mbili, kisha akavuta mfuko mpya wa sukari kutoka chini ya meza na kuukata kona. Kahawa yangu ya siku hiyo alikataa kulipwa. Ndani ya mfuko wa plastiki alinifungia khao nom khu nne, jozi mbili, za njiani.